Mgeni wa Makindu na mtalii wa Diani

Watu wa pwani tumezoea kuuhesabu utalii kuwa ni jambo la bahari. Yakitajwa maneno ya watalii, akili hukimbilia mchanga mweupe wa Diani, majabali ya Watamu, hoteli za Nyali na punda wa Shela. Twasahau kwamba wageni wengi, hasa wale wa humu humu nchini wanaoteremka kila ifikapo Pasaka na Desemba, safari yao haianzi pwani. Huanza Nairobi, na kabla hawajaiona bahari huikata nchi ya Wakamba kwa saa kadha: Sultan Hamud, Emali, Kiboko, Makindu, Kibwezi, Mtito Andei. Sehemu hiyo ya barabara imo katika kaunti ya Makueni, au inaambaa na mpaka wake. Ukigeuka kushoto pale Kibwezi, ukavuka mto Athi, waingia Kitui.

Leo nataka tuitazame njia hiyo, ndugu msomaji, kwa sababu moja. Katika njia hiyo ipo nyumba ya ibada iliyokwisha kulitatua jambo ambalo sisi wenye misikiti ya kale kando ya bahari bado linatushinda, nalo ni namna ya kumpokea mgeni wa kila dini bila ya kuigeuza nyumba ya ibada kuwa duka. Na nyumba hiyo si msikiti. Ni hekalu la Masingasinga.

Jina la Makindu halimpi taabu mtu wa pwani kulifahamu. Mkindu ndio mti utupao ukindu wa mikeka na vipepeo, nao hupenda mahali penye maji. Makindu ina maji yatokayo chini ya milima ya Chyulu, milima ile ile inayoilisha chemchemi ya Mzima, ambayo maji yake yamekuwa yakiletwa Mombasa kwa bomba. Kwa hiyo mtalii anayefungua mfereji katika chumba chake cha hoteli, aoshe mchanga wa miguuni, huenda anajioshea maji ya milima aliyoipita asubuhi bila ya kuitazama.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwaka 1901. Mafundi na vibarua waliotolewa Bara Hindi walikuwa zaidi ya 30,000, na wengi wao walitoka Punjab: Waislamu, Mabaniani na Masingasinga. Makindu ikawa stesheni yenye kazi nyingi, na Masingasinga waliowekwa hapo wakawa wanakusanyika kuabudu. Hekalu lenyewe lilijengwa mwaka 1926. Baadaye kazi za reli zikahamia kwingine, watu nao wakatawanyika, na kwa desturi ya mambo jengo lile lingekuwa limekwisha kuwa gofu la popo. Haikuwa hivyo. Liko pale kando ya barabara kuu, jeupe, lina miti na maua, na kila siku ya Mungu hupita humo watu wasiomjua hata aliyelijenga.

Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa mwezi wa Desemba. Uani mlikuwa na magari yaliyofungwa maboya ya watoto juu ya paa, na majina ya Diani na Malindi yakisikika katika mazungumzo. Watu wale walikuwa wamekwisha kuingia likizoni. Baba mmoja alikuwa na kaptura na kofia ya nyasi. Lakini mlangoni kila mtu alifanya yale yale. Alivua viatu, akavipanga. Alinawa. Akachukua kitambaa kutoka katika kapu, akajifunga kichwani, mwanamume na mwanamke, mkubwa na mdogo. Aliyekuwa na sigara aliiacha nje. Hapakuwa na askari wa kuwakemea. Kilikuwepo kibao, lilikuwepo kapu la vitambaa, na walikuwepo watu waliotangulia ambao mgeni aliwaiga.

Tulikula dengu, chapati, wali na mboga, na chai ya maziwa iliyopikwa ikapikika. Nyama hailiwi humo kabisa, wala kileo hakiingii, kwa hiyo Mwislamu hana haja ya kuuliza nani amechinja. Hilo peke yake lamwondolea msafiri wa pwani nusu ya mashaka yake njiani. Dereva wa lori alikaa karibu na yule baba wa kaptura, na wote wawili walipakuliwa kwa upawa mmoja. Mpishi alikuwa Mkamba, mtu mzima. Nikamwuliza, "Mzee, leo mmelisha watu wangapi?" Akacheka. "Watu hatuwahesabu, mwanangu. Tunahesabu magunia ya unga."

Hakuna bei. Lipo sanduku, na atakaye hutia alichonacho. Asiyetia haulizwi. Vipo na vyumba vya kulala kwa aliyekucheleweka usiku, navyo havina bei vilevile. Ukishakula, ukitaka kuingia ndani ya ukumbi wa ibada waingia kwa adabu zake. Usipotaka, waondoka zako. Mimi sikuingia, nami sikuona mtu aliyenitazama kwa jicho baya kwa hilo.

Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa mtu aweza kudhani ni sadaka tu ya matajiri. Masingasinga wa Nairobi, wa Mombasa na wa ng'ambo huchangia, hapana shaka, na wengine hufunga safari kuja kuzuru. Lakini fedha peke yake haifanyi mtu wa kaptura akajifunga kitambaa kichwani bila ya kunung'unika. Linalofanya hivyo ni kwamba tangu mlangoni ameelezwa, bila ya maneno mengi, kwamba hapa yeye ni mgeni. Mgeni ana haki zake na ana adabu zake. Mteja ana haki tu.

Na mambo haya hayakuletwa na Masingasinga katika njia hii. Njia yenyewe ni ya wageni tangu kale. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Wakamba ndio walioshika biashara baina ya bara na Mombasa. Walishuka na pembe za ndovu mpaka Rabai na Mombasa, wakapanda na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Wengine walibaki huku huku pwani, wakawa na vijiji vyao. Watu walichanjiana, na aliyechanjiwa alikuwa na mahali pa kulala mwisho wa safari. Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa Kitui, alikuwa akijulikana Mombasa kama ajulikanavyo mwenye jahazi. Ndiye aliyempokea mmisionari Krapf, ambaye kutoka kwake Kitui aliiona theluji ya Mlima Kenya tarehe 3 Desemba, 1849.

Baadaye mambo yaligeuka. Waswahili na Waarabu wa pwani wakaanza kupanda wenyewe, na baadhi yao wakakaa Kitui, wakaoa, wakasomesha watoto chuoni. Kizazi chao kingali pale, na msikiti wa mjini wanauona wote waingiao Kitui. Huna haja ya kuulizia kibla. Niliswali adhuhuri hapo katika safu moja na wazee waliosalimiana Kikamba kabla ya swala na Kiswahili chenye ladha ya Mombasa baada yake. Siku hizi kuna lami kutoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo mpaka Kitui, hata mtu wa huko hana haja tena ya kuzungukia Machakos atakapo kuja pwani.

Sultan Hamud nayo, ambayo abiria wengi huijua kwa mahindi ya kuchoma tu, imebeba jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Unguja aliyetawala tangu 1896 hata 1902. Yasimuliwa kwamba alikuja kuitazama reli ilipofika hapo, maili 250. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mji uliopewa jina la sultani wetu uko mbali kabisa na ule mwambao wa maili kumi aliokuwa na bendera yake, na huku mwambaoni ni vigumu kumpata kijana wa shule anayemjua sultani huyo.

Kitui pia niliona namna nyingine ya kupokea wageni. Karibu na mji lipo jabali la Nzambani, ambalo hadithi yake imeenea: mtu akilizunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Zimewekwa ngazi za chuma za kupandia kileleni, na kiingilio hulipwa. Watu hucheka, hupiga picha, na hapana aliye tayari kuitimiza raundi ya saba. Sina ugomvi na Nzambani. Mandhari yake ni mazuri, na vijana wa hapo wanapata riziki. Lakini Wakamba hao hao wanayo mathembo, vichaka vya miti mikubwa ambamo wazee waliombea mvua na kutoa sadaka, na huko hukuti kibao wala tikiti. Miti haikatwi. Asiyehusika haingii. Kwa hiyo watu hawa wenyewe wamepambanua: hili ni la kuonyesha, na lile si la kuonyesha.

Sisi hatujapambanua. Ndiyo shida yetu.

Chukua Msikiti wa Kongo. Uko Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini, katikati ya mibuyu ambayo mingine haikumbatiki na watu watano. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na wajuzi wa magofu huurudisha nyuma hata karne ya 14 au ya 15. Mji uliouzunguka umekwisha kupotea; msikiti umebaki, na unaswaliwa. Hiyo ndiyo tofauti yake na msikiti mkuu wa Gedi. Gedi ni mji uliohamwa katika karne ya 17, ukachimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 ukatiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Huko tikiti ni haki, kwa kuwa hakuna jamaa inayosubiri kukimiwa swala. Kongo jamaa ipo.

Lakini Kongo iko hatua chache kutoka ufuoni, na ufuo ule ni katika zinazosifiwa sana duniani. Nimesimama pale alasiri moja nikaona wageni wakipanda kutoka majini na nguo za kuogea, maji yakiwachuruzika, wakiongozwa na kijana aliyewaambia kwamba hili ni jengo la Waarabu la miaka elfu. Mzee mmoja aliyekuwa akitawadha aliteremsha suruali yake iliyokuwa imekunjwa, akatazama upande mwingine. Hakusema neno. Wageni nao hawakuwa na nia mbaya. Mmoja alimpungia mkono. Walipiga picha mlango, wakarudi baharini, na nina hakika hapana mmoja wao aliyejua kwamba amekwenda uchi nyumbani kwa mtu. Nani angewaambia? Kapu la vitambaa liko wapi?

Katika barza zetu nasikia rai mbili. Wa kwanza husema misikiti ifungwe kabisa kwa asiyekuwa Mwislamu, na ukuta ujengwe. Hawa nawaelewa, kwani wamechoshwa. Ila ukuta ufuoni ni kitu tukijuacho sote. Tumezoea kuukuta umekata njia ya wavuvi kwenda baharini, nasi hulalamika. Tena mgeni aliyefungiwa mlango hupiga picha yake juu ya ukuta, na kijana yule ataendelea kumweleza habari za Waarabu wa miaka elfu.

Wa pili husema tuweke tikiti kama Gedi, fedha itengeneze paa. Paa kweli lataka kutengenezwa. Ukuta wa matumbawe ukikandikwa saruji badala ya chokaa hushika unyevu ndani, ukaanza kumomonyoka, na chokaa iliyokomaa ina gharama na wahunzi wake wa ujenzi wamepungua. Lakini aliyelipa amenunua. Atataka alichonunua saa aitakayo yeye, hata kama ni saa ya swala, na atataka kuingia na viatu kwa kuwa amevilipia navyo.

Mimi nasema tuitazame Makindu. Au kama twaona uzito kujifunza kwa Masingasinga, tutazame Kinondo, hapo hapo Diani. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na kaya za Wamijikenda zimo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2008. Wazee wa Kinondo hupokea watalii. Kila mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, huambiwa asing'oe hata jani, na sehemu nyingine haruhusiwi kuzikanyaga. Anayemwongoza ni mtu wa hapo. Mtalii hutoka amefurahi zaidi kuliko angeachwa azurure, kwani amepewa kitu ambacho ufuo haumpi: ameambiwa kuna mpaka, naye ameuheshimu.

Na kama hata hao hawatoshi, tunaye wetu katika barabara ile ile ya Nairobi. Mackinnon Road, baina ya Voi na Mariakani, upo msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, Mwislamu wa Punjab aliyefanya kazi ya reli. Wanasimulia kwamba karai la mchanga alilobeba lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila ya kukigusa. Twaweza kubishana usiku kucha juu ya karama na ziara, wala hilo si la ukurasa huu. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba madereva wa kila dini husimama pale, huvua viatu, huomba dua wajuavyo, wakaendelea. Kwa hiyo nyumba mbili zilizoachwa na watu wa reli ile ile, moja ya Masingasinga na moja ya Waislamu, zimeilinda heshima yake barabarani kwa kufungua mlango na kuweka adabu mlangoni. Sisi wa ufuoni tulio na misikiti mikongwe kuliko hizo kwa karne tano ndio tunaobabaika.

Katika dini yetu msafiri ni mmoja wa wale wanane wanaostahili zaka. Mababu walichimba visima na kuviwekea wakfu, wakaweka birika na vibao vya kukalia nje ya misikiti, na Mkamba aliyeshuka na pembe yake hakulala njiani. Desturi ile hatukuipata kitabuni cha Masingasinga. Ila wao wameendelea nayo barabarani, sisi tumeiacha kwa hoteli, na hoteli hutoza kwa usiku.

Hebu tufikirie Kongo kwa uchache. Nje ya ua, kwa upande wa baharini, kibanda cha makuti. Ndani yake kanga na vikoi vilivyofuliwa, mtungi wa maji, kahawa na tende. Mzee mmoja au wawili wa hapo, na vijana waliofundishwa nao, waeleze msikiti ni nini na mji wa Diani ulikuwa nini. Saa za swala hapana ziara. Hapana tikiti, sanduku la chokaa lipo. Vijana wanaozurura ufuoni wakiuza vinyago watajiunga wenyewe wakiona kazi hiyo ina heshima. Tena vinyago hivyo vingi ni vya mafundi wa Kikamba wa Changamwe na wa huko kwao bara, na viondo ni vya akina mama wa Makueni na Kitui. Mtalii hununua Ukambani akidhani amenunua pwani. Hilo nalo angeelezwa katika kibanda, akapewa na kahawa.

Gharama yake? Kanga thelathini na kahawa si mzigo kwa mji wenye hoteli nyingi kama Diani. Makindu nako si kwamba wageni wamebaki wale wale. Tangu treni mpya ya abiria ianze mwaka 2017, watu wengi wanaokwenda likizo Mombasa hupita juu ya tuta la reli bila ya kushuka, na wauza matunda wa Mtito Andei wanalijua hilo vizuri kuliko mimi. Dengu bado zinapikwa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni ardhi. Kiwanja cha ufuoni Diani siku hizi hupimwa kwa futi na huuzwa kwa mamilioni, na msikiti wa kale mara nyingi haki yake ni ile ijulikanayo na wazee vichwani mwao: mpaka ni mbuyu ule, na njia ya maji ni hii. Wazee wanapungua. Mbuyu huweza kukatwa usiku mmoja. Kabla hatujanunua hata kanga moja, kamati za misikiti yote ya kale tangu Tiwi hata Vanga zingefaa kuandamana na wazee hao wangali hai, zichukue mpimaji, zitie kila hatua katika karatasi, na karatasi hiyo ifikishwe kwa Tume ya Wakfu na kwa Makumbusho ya Taifa. Kazi hiyo yaweza kufanywa baina ya masika mawili. Mpimaji atataka kulipwa, na mzee atataka gari la kumpeleka kwenye mbuyu wake.